Wasichana Wawili, Tarehe Moja

Orodha ya darasa ilirudi ikiwa na majina mawili yaliyozungushiwa wino mwekundu. Wasichana hao, mmoja wa upande wa Tawa na mwingine wa Kalawa, walikuwa wameandikishwa kwa tarehe ile ile: siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja. Pembeni, karani aliyeikagua aliandika neno moja tu, "Thibitisha." Mwalimu wa hisabati wa shule hiyo, iliyo katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa, alilielewa neno hilo vizuri. Mmoja wa watoto wake alishukiwa kuwa anatumia cheti kisicho chake.

Si jambo dogo. Wizara ya Elimu ya Kenya ilipoleta mwaka 2017 mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi, kila mwanafunzi aliingizwa kwa cheti cha kuzaliwa, kisha akapewa namba yake ya utambulisho, UPI. Asiye na namba hakuhesabiwa fedha za masomo zilipogawanywa, na mkuu wa shule alimlisha na kumfundisha kwa pesa za wenzake. Mzazi anayeambiwa "nenda ukathibitishe" hupanda gari asubuhi kutoka bondeni, akapanga foleni mjini, akapoteza siku ya kibarua, pengine akaambiwa arudi wiki ijayo.

Vyeti vilipowekwa juu ya meza kando kwa kando, shaka haikuwa na pa kusimama. Majina ya mama yalitofautiana, mahali pa kuzaliwa palitofautiana, namba za cheti hazikukaribiana hata kidogo. Wasichana wenyewe walikuwa wamejua tangu kidato cha kwanza kwamba walizaliwa siku moja, nao walilichukulia kuwa jambo la kufurahisha. Waliona aibu tu kuitwa ofisini kwa sababu yake.

Kilichomkera mwalimu ni kwamba watu wazima waliosoma waliona ajabu pasipo na ajabu. Akaamua kipindi kilichofuata kisiwe cha aljebra.

Aliwauliza wanafunzi wake 45 swali moja: kuna uwezekano gani kwamba humu darasani wawili au zaidi wamezaliwa siku moja ya mwaka, bila kujali mwaka wenyewe? Mikono ikainuka, na jibu likawa karibu moja. Gawanya 45 kwa 365, unapata asilimia 12 hivi. Wengine walipunguza, wakasema asilimia 5, maana darasa ni dogo na mwaka ni mrefu. Hakuna aliyepita 20.

Asilimia 12 ni jibu zuri la swali lingine. Huo ndio uwezekano kwamba angalau mmoja kati ya wanafunzi hao 45 amezaliwa siku moja na mwalimu mwenyewe. Ukikokotoa barabara unapata asilimia 11.6. Kosa hili watu hulifanya kila mahali kwa sababu kila mmoja husikia swali kama linamhusu yeye: ni nani humu aliyezaliwa siku *yangu*? Ili mtu apate nafasi inayovuka nusu ya kumkuta mwenzake wa siku yake, anahitaji watu wengine 253. Lakini swali halikumtaja mtu. Liliuliza kama kuna wawili, wowote wale, siku yoyote ile.

Mbooni kuna desturi inayosaidia kuliona jambo hili. Ibada ya Jumapili ikiisha, wa kwanza kutoka kanisani husimama nje. Wa pili humpa mkono, akasimama kando yake. Wa tatu huwasalimu wote wawili, na mstari hukua hivyo hadi wa mwisho atoke. Mtu wa ishirini na tatu akishamaliza kusalimu, mikono iliyoshikana si 23. Ni 253. Kwa watu 45 ni 990. Kila mkono ulioshikana ni jozi moja, na kila jozi ni nafasi moja ya tarehe kugongana. Watu wanaongezeka mmoja mmoja, lakini jozi zinafumuka. Mwalimu aliwapanga wanafunzi nje ya darasa wasalimiane hivyo hivyo huku mmoja akihesabu, na kabla ya mtu wa kumi na tano walikuwa wameshaacha kucheka, wameanza kuuliza.

Hesabu yenyewe huanzia upande wa pili: tafuta kwanza uwezekano kwamba tarehe hazigongani. Mtu wa kwanza yuko huru, siku yoyote ni yake. Wa pili ana siku 364 kati ya 365 za kumkwepa. Wa tatu ana 363, wa nne 362. Zidisha sehemu hizo moja kwa nyingine, na zao linapungua taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi. Toa zao hilo kutoka moja: kwa watu 10, uwezekano wa kugongana ni asilimia 11.7. Kwa 23 umevuka nusu, asilimia 50.7. Kwa 30 ni 70.6, kwa 40 ni 89.1, kwa 50 ni 97. Wale 45 waliokuwa mbele ya mwalimu walikuwa na asilimia 94. Uhakika kamili, ule usiohitaji bahati, hupatikana kwa watu 367 tu, ukihesabu na waliozaliwa 29 Februari.

Wanafunzi walitaja tarehe zao mmoja baada ya mwingine, Januari hadi Desemba. Mbali na wasichana wale wa wino mwekundu, ikatokea jozi nyingine ya mwezi Mei, mvulana na msichana waliokaa madawati mawili mbali na hawakuwa wamejua. Darasa likapiga makofi. Walivamia mkondo wa pili wakauliza, nao pia ukapata. Darasa moja dogo, la wanafunzi wasiofika 20, halikupata hata jozi moja, na mwalimu alilifurahia hilo kuliko mengine yote, kwa kuwa uwezekano ni pamoja na zile mara ambazo jambo halitokei.

Chemsha bongo hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mwingereza Harold Davenport inasemekana aliijua tangu miaka ya 1920 bila kujitwalia sifa zake, na Richard von Mises, mwanahisabati aliyekuwa amekimbilia Istanbul baada ya Wanazi kushika Ujerumani, alichapisha uchunguzi wake juu ya suala la namna hii mwaka 1939. Kwa vijana wa Mbooni, hata hivyo, majina hayo hayana uzito wa mpira wa miguu. Katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil kulikuwa na timu 32, kila moja ikiwa na wachezaji 23, idadi ile ile inayovuka nusu. Nadharia inasema karibu timu 16 zingekuwa na wachezaji waliozaliwa siku moja. Waandishi wa BBC walipozipitia orodha rasmi za FIFA walikuta 16 kamili. Kwa kweli hata 14 au 19 zisingeivunja nadharia, lakini huwezi kumwambia hivyo kijana wa kidato cha pili ambaye ameshaanza kushangilia.

Karani angeweza kujitetea. Angesema: hao wamezaliwa siku moja na *mwaka mmoja*, na hiyo ndiyo shida. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa kwa namba. Wanafunzi wa kidato kimoja hawatawanyiki karne nzima. Wengi huwa wamezaliwa ndani ya miaka miwili au mitatu. Chukua miwili, yaani siku 730, na darasa la 45. Jozi ni zile zile 990. Uwezekano kwamba wawili wana tarehe kamili inayofanana, mwaka ukiwemo, unakaribia robo tatu. Ukiinyoosha hadi miaka mitatu, bado umevuka nusu. Kwa hiyo mkaguzi anayepitia orodha za madarasa makubwa ya sekondari, akizungushia wino kila tarehe inayojirudia, atauchafua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kumkamata mdanganyifu hata mmoja. Na hesabu hii imechukulia kwamba kila siku huzaliwa watoto sawasawa. Kwa uhalisi kuna miezi ya watoto wengi na miezi ya wachache, na kila mrundikano wa aina hiyo huongeza migongano, hauwezi kuipunguza.

Majina nayo yana lake. Huku Ukambani majina mengi hubeba habari za kuzaliwa: Wambua wakati wa mvua, Mutuku usiku, Kioko asubuhi, Kyalo mama akiwa safarini. Ni majina mazuri, nayo ni machache ukilinganisha na wenye nayo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 katika Kaunti ya Makueni. Wagawanye hao kwa tarehe zote za miaka mia moja, unapata wastani wa watu 27 kwa kila tarehe kamili, na kwa vijana ni zaidi, kwa sababu wao ndio wengi. Ndani ya watu hao, wawili wakiitwa Mutuku Kioko, hakuna haja ya kumtafuta mwizi wa vyeti. Vuka mpaka uingie Kitui na Machakos, na akina Mutuku Kioko wanazidi.

Ushauri huu si wa Ukambani peke yake. Huko New Jersey, Marekani, baada ya uchaguzi wa 2004, watu wa chama kimoja walilinganisha orodha za wapigakura kwa majina na tarehe za kuzaliwa, wakadai kwamba maelfu walipiga kura mara mbili. Watafiti Michael McDonald na Justin Levitt walichapisha uchambuzi mwaka 2008 wakitumia hesabu hii ya siku za kuzaliwa. Walionyesha kwamba katika orodha ya mamilioni ya watu, wenye jina moja na tarehe moja hupatikana kwa wingi kwa sadfa tupu, na kwamba makosa ya uandishi huongeza wengine juu yao. Mtu asiyejua hesabu hii anaweza kufuta majina ya raia halali kwa moyo mweupe kabisa, akiamini anasafisha daftari. Kenya, ambako daftari la wapigakura huzua mabishano kila uchaguzi, jambo hili lingefaa kufundishwa kabla ya kampeni kuanza.

Siku ya soko mwalimu alilihamishia somo hili sokoni Kikima. Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne, kwa hiyo kuna namba 10,000 za kuchagua, nyingi sana kuliko siku za mwaka. Lakini watu 120 tu wakichagua bila mpango wowote, uwezekano umeshavuka nusu kwamba wawili wana namba moja, na wanaotumia mwaka wa kuzaliwa huirahisishia sadfa kazi. Mwuza maharagwe aliyesimuliwa hayo alishtuka, akataka kubadilisha yake hapo hapo. Ilibidi aelezwe kwamba namba ya siri hufanya kazi pamoja na laini ya simu yake, kwa hiyo wa pili mwenye namba kama yake, popote alipo, hamdhuru. Tarehe ya kuzaliwa ni vivyo hivyo: peke yake haimtambulishi mtu. Ina kazi inapoambatana na jina la mama, mahali na namba ya usajili.

Vijana walipenda zaidi kitu kingine, ujirani wa tarehe. Ukiwakusanya marais wa Kenya na Tanzania, unapata orodha fupi. Jomo Kenyatta lazima awekwe kando, maana siku aliyozaliwa haijulikani, na hata mwaka hukisiwa tu. Wanabaki kumi hadi sasa: Moi 2 Septemba, Kibaki 15 Novemba, Uhuru 26 Oktoba, Ruto 21 Desemba, Nyerere 13 Aprili, Mwinyi 8 Mei, Mkapa 12 Novemba, Kikwete 7 Oktoba, Magufuli 29 Oktoba, Samia 27 Januari. Hakuna wawili wa siku moja, na kwa watu kumi hilo ndilo la kutarajiwa. Lakini tazama: Mkapa na Kibaki wamepishana siku tatu. Uhuru na Magufuli, siku tatu pia. Mnajimu angeandika kurasa. Hesabu inasema watu 9 wanatosha kuvusha nusu uwezekano wa kupata wawili waliopishana siku tatu au chini yake. Marekani, yenye orodha ndefu zaidi ya marais, ina jozi moja ya siku ile ile: James Polk na Warren Harding, wote 2 Novemba, wakipishana miaka sabini.

Mpaka hapo somo lilikuwa la kutuliza: msishangae, ni kawaida. Kisha mmoja wa wanafunzi akalipindua. Alikwenda nyumbani akauliza tarehe za wanachama wa kikundi cha mwethya cha nyanyake, kina mama wanaosaidiana kulima na kutengeneza matuta ya mashamba, akarudi na karatasi iliyojaa. Wanawake wasiofika 30, na karibu nusu yao walikuwa wa tarehe 1 Januari.

"Mwalimu," alisema, "hii pia ni sadfa?"

Si sadfa, na mwalimu alisema hivyo bila kusita. Hesabu iliyowaondolea wasichana wale wawili shaka ndiyo hiyo hiyo inayopiga kengele hapa. Jozi moja au mbili zilizotawanyika mwakani, sawa. Lundo zima juu ya siku moja halitokani na kuzaliwa. Limetokana na kalamu. Sheria ya kusajili vizazi ilienea nchini kwa awamu, ikafika kila wilaya mwaka 1971 tu, na wazee hawa walizaliwa zamani kabla ya hapo. Walipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliuliza tarehe. Wao walijua mambo mengine: mvua gani ilikuwa ikinyesha, shamba lipi lilikuwa likipaliliwa, nani alikuwa mkunga, njaa ipi ilikuwa imepita. Ukambani njaa kubwa zina majina, nazo ndizo zilizokuwa kalenda ya miaka, kuanzia Ngomanisye ya 1898 na 1899 hadi ile ya Atta ya 1961, iliyokumbukwa kwa unga wa msaada. Fomu haikuwa na nafasi ya mambo hayo. Ilitaka siku, mwezi na mwaka, na karani akakisia mwaka kwa kumtazama mtu usoni, kisha akajaza siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza.

Ndivyo ilivyofanyika pia kwa vijana wa Sudan waliofika kambi ya Kakuma, Turkana, mwaka 1992, baada ya kutembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Wengi wa wale zaidi ya 3,500 waliohamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2000 waliingia huko wakiwa wameandikiwa 1 Januari. Baadhi ya marafiki zao wapya waliwaandalia sherehe moja ya pamoja kila mwaka mpya. Ni furaha ya kweli, na pia ni alama ya kitu kilichopotea.

Nyumbani Mbooni kilichopotea kina bei. Katika kikundi kile kuna mabibi wawili, wote 1 Januari 1949 kwenye vitambulisho. Mdogo wao anasimulia bila kuona haya kwamba yule mwenziwe alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto mchanga, mama yake akiwa mtoni. Mtoto anayembeba mwingine hana chini ya miaka sita au saba. Mpango wa serikali wa Inua Jamii ulipofunguliwa kwa kila Mkenya mwenye miaka 70 na zaidi, mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 kila mwezi, mkubwa huyo kwa maisha yake alikuwa ameshapita kizingiti zamani. Kwa karatasi alikuwa na miaka 69. Alirudishwa nyumbani na kikapu chake.

Ingawa sasa hata kwa karatasi ameshavuka 70, mwalimu aliacha mambo ya asilimia, akaingia kwenye mambo ya ushahidi ili umri wake uandikwe sawasawa. Alimwambia bibi yule mkubwa, "Susu, tuanze na kanisa," wakatafuta daftari la ubatizo. Walipata mwaka wa kubatizwa, wala si wa kuzaliwa, lakini humo aliitwa msichana mkubwa aliyejibu maswali mwenyewe. Wakaenda kwa naibu wa chifu kuandikiwa barua, kisha kwa wakili mjini kula kiapo. Bibi mdogo aliandamana nao kila hatua, akisisitiza kwamba yeye ndiye shahidi maana ndiye aliyebebwa. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba mtoto wa mgongoni si shahidi wa umri wa aliyembeba, akamwomba ataje waliokuwa watu wazima siku hizo na bado wako hai. Alitaja majina matatu. Mmoja anaishi ng'ambo ya bonde, upande wa Mbumbuni, haoni vizuri lakini anakumbuka njaa zote kwa mpangilio wake, na huyo ndiye wanayekwenda kumwona mvua ikikatika na barabara ikipitika.